Alama ya Wi-Fi imejaa, intaneti haifunguki: kutafuta hitilafu ya aksesi pointi

Aksesi pointi, au AP kama mafundi wanavyoifupisha, ni kile kiboksi cheupe kinachobandikwa darini hotelini, ofisini au msikitini. Kinapokea mtandao kwa waya na kuutoa hewani, basi. Intaneti hakizalishi, na anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni, hakigawi mpaka ukiamuru. Kazi hizo ni za rauta. Kinachowachanganya watu ni boksi la nyumbani, ambalo ndani ya ganda moja lina rauta, swichi (kifaa cha kugawa mtandao kwa waya nyingi) na AP, hivyo kila kitu kikaitwa Wi-Fi na kila hitilafu ikawa "Wi-Fi imekufa".

Mtu akiniambia hivyo huwa bado hajaniambia kitu. Data ina safari mbili: kutoka kwenye simu hadi AP kwa njia ya hewa, halafu kutoka AP hadi nje kwa kupitia waya, swichi, rauta na laini ya kampuni inayokuuzia huduma. Vile vijiti vya Wi-Fi juu ya kioo cha simu vinapima safari ya kwanza tu. Vinaweza kujaa tele huku rauta imezimwa. Kazi yote ya kutafuta hitilafu inaanza kwa kujua safari ipi imekatika. Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye nyumba za wageni za Mji Mkongwe, Unguja, kwa sababu majengo yale yanakusanya karibu matatizo yote mahali pamoja: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hewa ya chumvi, umeme unaopepesa, na wageni wenye simu za kila aina.

Kabla hujagusa chochote

Usianze na kile kitundu cha kuchomeka pini. Kurudisha AP kwenye mipangilio ya kiwandani kunafuta majina ya mitandao, manenosiri na kila kitu alichopanga fundi wa mwanzo, na mara nyingi hitilafu inabaki palepale kwa kuwa haikuwa humo. Kuzima na kuwasha ni sawa, hakuharibu kitu, ingawa baadhi ya AP hupoteza kumbukumbu zake zikizimwa na hutajua tena zilikuwa zinalalamikia nini.

Uliza kwanza. Ni simu moja au zote? Chumba kimoja au nyumba nzima? Muda wote au jioni tu? Simu moja ikikataa na nyingine zote zinafanya kazi, shughulika na ile moja: ifanye isahau mtandao, iunganishe upya, tazama tarehe na saa yake. Saa iliyokosewa inazuia kurasa salama kufunguka, na mwenye simu atakuapia kwamba kosa ni la Wi-Fi. Chumba kimoja kikikosa, ni hewa au AP ya karibu na hapo. Nyumba nzima ikikosa, nenda moja kwa moja kwenye swichi na rauta.

Halafu chukua kompyuta iliyounganishwa kwa Wi-Fi, fungua dirisha la amri, uandike ping (amri ya kukiuliza kifaa kama kipo na kupima kinajibu kwa muda gani) ukifuatisha anwani ya AP, kisha ya rauta, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje, kwenye intaneti), kisha jina la tovuti yoyote. Inapokwama ndipo penye kazi. AP ikijibu kwa milisekunde 200, au majibu yakikatikakatika, tatizo liko hewani na huna sababu ya kuipigia simu kampuni ya intaneti. AP na rauta zikijibu ndani ya milisekunde chache halafu 8.8.8.8 ikanyamaza, shida iko kwenye laini ya nje, au bando limekwisha. Cheka, lakini angalia. 8.8.8.8 ikijibu na jina la tovuti likakataa, hiyo ni DNS: intaneti ipo, ila kinachotafsiri majina kuwa anwani hakifanyi kazi. Badilisha seva ya DNS kwenye rauta.

Taa haiwaki, au AP inajizima na kujiwasha

AP nyingi za darini zinapata umeme ndani ya waya uleule wa mtandao, mtindo unaoitwa PoE. Kuna familia mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya viwango vya IEEE, shirika la wahandisi linalotunga viwango hivi: 802.3af ya mwaka 2003, ambayo swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa mlango mmoja (tundu la kuchomeka waya), 802.3at ya 2009, hadi wati 30, na 802.3bt ya 2018, hadi wati 90. Swichi ya namna hii huuliza kwanza upande wa pili kuna kifaa gani ndipo itoe umeme. Familia ya pili inamwaga volti 24 bila kuuliza. Plagi zake zinafanana kabisa na za familia ya kwanza. Ukichomeka AP ya 802.3af kwenye adapta ya volti 24, kwa kawaida haitawaka. Ukichomeka kifaa ambacho hakikukusudiwa kupokea umeme huo, unaweza kukiunguza. Soma maandishi ya mgongoni mwa AP, usiliamini umbo la plagi.

AP inayowaka asubuhi kutwa ikatulia, halafu saa mbili usiku wageni wakisharudi ikaanza kujizima, inakulalamikia njaa ya umeme. Redio zote mbili za AP, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, zinapofanya kazi kwa nguvu, mahitaji hupanda. Tazama bajeti ya swichi: swichi ya milango minane inaweza kuwa na wati 60 kwa jumla, si wati 30 kwa kila mlango. Jumlisha mahitaji ya vifaa vyote vilivyochomekwa, na kamera zimo.

Hesabu ikikubali, shuku waya. Mtaani zinauzwa kebo za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Chuna kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, hii ya kupakwa inageuka nyeupe papo hapo. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, hivyo volti zinapungua kila mita. Kwa mita 10 AP itavumilia. Kwa mita 60 itawaka bila mzigo na kuanguka mzigo ukija. (Hata kebo nzuri kikomo chake ni mita 100.) Kipimo kisicho na ubishi ni kuishusha AP, kuileta kando ya swichi na kuiunganisha kwa kebo fupi unayoiamini. Ikikesha bila kuzimika, mkosaji ni waya wa ukutani.

Waya una dalili nyingine isiyohusu umeme. Ukipima kasi na kila mara inagota karibu na Mbps 94 wakati umelipia 200, muunganisho kati ya AP na swichi umeshuka kutoka gigabiti kwenda Mbps 100. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Mbps 100 inatosheka na nne. Uzi mmoja tu usiogusa vizuri unatosha kukushusha. Pwani chomoa plagi uimulike kwa tochi ya simu: vile vibati vinane vya mbele vikiwa na ukungu wa kijani, chumvi imeshaingia. Kusugua kunasaidia wiki moja au mbili. Kata, piga plagi mpya, na kama ni ya nje ifunike vizuri.

Simu inabaki kwenye "inapata anwani ya IP", kisha inakata

Hapa simu imeshaingia hewani na nenosiri limekubaliwa. Kilichokosekana ni DHCP, yaani mgawaji wa anwani, ambaye kwa kawaida ni rauta. Kompyuta ya Windows inakueleza waziwazi: ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba na hakuna aliyejibu.

Sababu ya kwanza ni akiba kuisha. Rauta nyingi zinatoka dukani zikiwa zimepangiwa anwani kama 100 na muda wa kuazima wa saa 24. Mgahawa wenye viti 20 unaweza kupitiwa na watu 150 kwa siku. Kila simu iliyoingia asubuhi bado inahesabiwa kuwa na anwani yake hata kama mwenyewe ameshapanda boti ya Dar. Ikifika alasiri wageni wapya hawapati kitu huku viti vingi viko wazi. Ukiwasha rauta upya inapona, kesho alasiri inarudi, na watu wanahitimisha kwamba rauta "inachoka". Haichoki. Punguza muda wa kuazima uwe saa moja au mbili, na upanue akiba ya anwani.

Sababu ya pili inawapata wenye mtandao wa wageni uliotenganishwa na wa wafanyakazi. Moja ya faida kubwa za AP za kazini ni kutoa majina mawili au matatu ya Wi-Fi kutoka kifaa kimoja, kila jina likiwa kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule), ili mgeni asione kompyuta ya mapokezi. Ukiona jina la wafanyakazi linafanya kazi na la wageni halitoi anwani, kwenye AP ileile, karibu bila shaka mlango wa swichi hauipitishi VLAN ya wageni. Hutokea sana baada ya mtu kubadilisha swichi iliyoungua kwa swichi ya kawaida ya dukani, au kuhamisha waya kutoka mlango namba 3 kwenda namba 7 "kwa sababu zote ni sawa".

Baadhi wanapata, wengine hawapati, na kesho wanabadilishana

Dalili hii ninaipenda kwa sababu ikisikika tu, jibu linajulikana: kuna wagawaji wawili wa anwani ndani ya nyumba. Kwa kawaida mtu amenunua rauta ya pili, akaichomeka kwenye ya kwanza ili "iongeze Wi-Fi", bila kuiambia kwamba safari hii kazi yake ni AP tu. Sasa simu inayojibiwa na rauta halisi inapata intaneti. Inayojibiwa na ile ya pili inaelekezwa kwenye mlango usio na njia ya kutokea.

Kuhakikisha, tazama anwani ya mlango wa kutokea (gateway) kwenye simu inayofanya kazi na kwenye ile inayokataa. Zikitofautiana, umeshampata. Kama kifaa kina hali ya AP kwenye mipangilio yake, iwashe na yameisha. Kama hakina, kizimie DHCP, kipe anwani isiyogongana na ya rauta (zote mbili zinaweza kuwa zimetoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1), na uchomeke waya kwenye mojawapo ya milango ya LAN (ya mtandao wa ndani), si ule wa rangi tofauti ulioandikwa WAN (wa kwenda nje). Ukiuacha kwenye WAN itafanya kazi pia, ila utakuwa na mitandao miwili iliyobebana, na printa ya upande mmoja haitaonekana upande wa pili.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi: mfagiaji anakuta ncha ya waya inaning'inia, kwa nia njema anaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi, na kumbe ncha ya pili tayari iko kwenye swichi ileile. Nyumba nzima inasimama. Taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika. Chomoa waya mmoja mmoja mpaka zitulie.

Alama ipo chumbani, kurasa hazifunguki

AP inaweza kutoa milliwati 100 au zaidi. Simu hutoa pungufu ya hapo, kwa sababu ya betri. Kwa hiyo simu inaisikia AP vizuri, inaonyesha vijiti viwili au vitatu, lakini AP haisikii simu inachojibu. Wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya AP hadi mwisho. Mwenye kipaza sauti anasikika mtaa mzima, ila masikio yake ni yaleyale.

Usipime kwa vijiti. Weka kwenye Android programu ya kupima Wi-Fi inayoonyesha dBm, ambayo ni namba hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye -50 uko vizuri sana. -67 ndiyo mahali pa kulenga kama watu wanapiga simu za video. -75 utasoma ujumbe. Chini ya -80 usimlaumu mtu. Kila kupungua kwa dBm 10 ni nguvu kushuka mara kumi, kwa hiyo kutoka -65 hadi -75 si "kidogo tu".

Nyumba ya Mji Mkongwe ni mtihani. Ukuta unaweza kuwa na unene wa nusu mita, na dari ni boriti za mikoko zilizomwagiwa mawe na chokaa. Ukipima mlangoni halafu ukaingia ndani ukakaa nyuma ya ukuta, namba inaanguka mbele ya macho yako. Mawimbi hupita pale yalipoachiwa: mlangoni, madirishani, kwenye ngazi na ua wa ndani. Basi weka AP kwenye korido au ukumbi unaotazamana na milango ya vyumba, moja kwa kila ghorofa, badala ya moja kubwa mapokezi. Usiifiche nyuma ya kioo kikubwa, friji au tangi la maji. Wala usiiweke kati ya mabati na dari: AP nyingi za ndani zimeandikiwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 za Selsiasi, na chini ya bati mchana joto linapita hapo.

AP zikiwa nyingi huja lalamiko jipya: mgeni amepanda ghorofa ya tatu, simu bado imeng'ang'ania AP ya mapokezi. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa AP. Unachoweza ni kuipa sababu ya kuhama: majina na manenosiri yawe yaleyale kwenye AP zote, nguvu ipunguzwe ili kila moja isisikike mbali mno, na 802.11k na 802.11v, zinazoisaidia simu kuchagua AP ya kuhamia, ziwashwe kama zipo. 802.11r, inayoharakisha kuhama, ijaribu kwa uangalifu, kuna vifaa vya zamani vinavyokataa kabisa kuingia ikiwashwa. Kirudufishi cha kuchomeka ukutani kisicho na redio ya pili ni suluhisho la mwisho kwangu. Kinapokea na kutuma kwa zamu kwenye hewa ileile, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu. Ukiweza kupitisha waya, pitisha waya.

Mchana nzuri, usiku nzito

Pima kwanza kwa waya kutoka kwenye rauta. Ikiwa nzito hata hapo, ni laini ya nje iliyojaa. Ikiwa nyepesi, ni hewa.

Bendi ya 2.4 GHz, moja ya mafungu ya masafa ya Wi-Fi, ina chaneli (vipande vya masafa) tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Chaneli 3 au 9 si ujanja, ni kuwasumbua majirani wa pande mbili na kusumbuliwa nao. Upana uwe MHz 20, usiweke 40 mjini. Oveni ya maikrowevu ya jikoni hutumia masafa hayohayo ya karibu GHz 2.45, ndiyo maana mgahawa unakatika saa za chakula. Vifaa vinavyoweza vihamishie 5 GHz, yenye chaneli nyingi zaidi lakini isiyopenya ukuta vizuri. Kamera na balbu za kisasa nyingi zinajua 2.4 peke yake, ziachie hapo.

Hewa hutumiwa kwa zamu. Simu moja iliyo mbali inayozungumza kwa Mbps 1 inachukua muda mrefu kutuma kile ambacho jirani yake angetuma kwa kufumba na kufumbua, na wote wanasubiri. AP nzuri zina sehemu ya kuweka kasi ya chini inayokubalika. Zima 1, 2 na 5.5 na utaona tofauti, mradi huna vifaa vya kale sana. Pia punguza majina. Kila jina la Wi-Fi linajitangaza kama mara kumi kwa sekunde, hata kama hakuna anayelitumia. Matatu yanatosha.

Mtandao wa 5 GHz umepotea kwenye orodha

Subiri dakika moja. Chaneli za kati, 52 hadi 144, zinagawana masafa na rada, na AP inalazimika kusikiliza sekunde 60 kabla ya kuanza kutoa. Kwa taratibu za Ulaya, chaneli 120 hadi 128 zinasubiri dakika 10, kwa kuwa rada za hali ya hewa ziko hapo. AP ikidhani imesikia rada katikati ya kazi, inahama chaneli ghafla na watu wanakatika. Ikijirudia, rudi 36 hadi 48.

Kwa 2.4 GHz, simu iliyonunuliwa Marekani inaweza isione mtandao ulio kwenye chaneli 12 au 13. Na jina likionekana lakini kompyuta ya zamani ikakataa kuingia hata kwa nenosiri sahihi, angalia kama umeweka WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) peke yake. Iweke mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye usimbaji wa AES. TKIP, usimbaji wa zamani, iache kabisa, inafunga kasi kwenye Mbps 54.

Mambo madogo yanayokula muda

Printa haionekani kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile: umewasha utengano wa watumiaji, mpangilio unaozuia vifaa kuonana. Kwa wageni ndivyo inavyotakiwa. Kwa wafanyakazi uzime.

Ukurasa wa vocha haujitokezi: zima VPN na DNS ya faragha kwenye simu, halafu andika anwani ya rauta kwenye kivinjari.

Uliyemruhusu jana kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) leo anakataliwa: tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia anwani ya MAC. Orodha ya MAC si ulinzi wa kuutegemea tena.

Baada ya mvua ya radi

AP inawaka, Wi-Fi inaonekana, lakini haipitishi kitu, na taa ya mlango wake kwenye swichi imezimika. Jaribu mlango mwingine wa swichi, kisha kebo nyingine. Zikishindikana, mlango wa mtandao wa AP umeungua ingawa redio bado ni nzima. Waya mrefu unaotoka jengo moja kwenda jingine unakusanya mshtuko hata radi ikipiga mbali. Ukibadilisha kifaa, weka kinga ya mshtuko iliyofungwa kwenye ardhi, au kati ya majengo pitisha faiba, isiyopitisha umeme.

Ukithibitisha waya, umeme, anwani na chaneli ni sawa, na AP bado haieleweki, sasa pini ina kazi. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwanza, hasa majina, VLAN na anwani ya kifaa chenyewe. Bonyeza AP ikiwa inawaka, kwa nyingi ni kama sekunde 10 mpaka taa ibadilike, kisha weka toleo jipya la programu yake kabla ya kuipandisha tena darini.